Sahani ya Mboni

Mama, shikamoo.

Unisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Huyu mjukuu wako mchanga halali mchana.

Jana hapa Misugusugu nilikaanga vipapatio vya kuku. Nilivipaka tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, nikavigaragaza kwenye unga, nikavikaanga mara mbili mpaka ukitafuna vinalia. Mwanao Ally akacheka, "Mama Mboni, leo tumehamia hotelini?" Halafu akaitazama sahani ya tatu. Nilikuwa nimempakulia na Mboni, nikasahau kwamba yuko kwako Kisarawe.

Mama, ulimchukua nilipojifungua kwa upasuaji, na ninakushukuru sana. Najua mmezoeana. Lakini nimeshapona, nitamlea mwenyewe.

Vilivyobaki kwako ninavyovihitaji ni chungio langu, viatu vyake vya shule, na Mboni mwenyewe, Jumamosi hii.

Mkweo akupendaye,
Kidawa