Nilichosoma ubavuni mwa tairi

Babu yangu wa Muyinga,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama. Ila kwanza pokea salamu zetu za Gitega: sote wazima, na maharage yamekubali mwaka huu.

Uliniuliza kwa nini tairi ya Baba ilipasuka akija kwako, na haikuwa imemaliza hata mwezi. Mi najua. Siku ya kununua, Baba alinichukua twende naye dukani, maana kitabu cha gari ni cha Kifaransa, na yeye alisomea Tanzania. Kulikuwa na tairi za bei ghali na za bei nafuu.

"Mzee, lami haiulizi bei!" muuzaji alimtania akimwonyesha zile nafuu, watu wakacheka.

Baba akanigeukia. "We msomi, unasemaje?"

Kile kitabu kilikuwa kimenifundisha kusoma tarehe ya kutengenezwa iliyo ubavuni mwa tairi. Zile nafuu zilipakwa rangi nyeusi zikang'aa, lakini zilikuwa na miaka tisa. Niliona haya kumbishia mtu mzima mbele za watu. Nikasema, "Ni nzuri, Baba."

Tushukuru Mungu hakuumia. Yeye anailaumu barabara, na kesho anarudi kwa muuzaji yuleyule kuchukua nyingine ya bei ileile.

Sasa nasikia ndala zake zinakuja mlangoni. Siku zote nikiandika hufunika karatasi kwa daftari. Leo daftari nimelisogeza pembeni. Akiuliza namwandikia nani, nitasema ni wewe, Babu, ila yeye asome kwanza. Nimeandika kwa Kiswahili, ataisoma yote.

Mjukuu wako,
Josiane