Jeneza la Bi Mize

Chake Chake, Ijumaa, Mfunguo Nane 1964

Eti kwa kuwa vurugu zimekwisha, nimetumwa Pujini kupatanisha watu, maana mimi ni mwanasiasa wa kusini na wananijua. Wananijua mno. Wakati wa siasa ni mimi niliyepanda jukwaani palepale nikasema tusizikane na watu wa chama kile kingine.

Nikakuta msiba. Bi Mize amefariki. Hotuba nikaiacha mfukoni. Mwanawe, Haji, alinipa mkono akasema taratibu, "Wakati ule wa siasa baba tulimchukua watu wanne, Bwana, mpaka makaburini. Hapana aliyekuja kutupokea jeneza."

Jeneza lilipotoka nikawahi mbele, nikatia bega.

Kwa kawaida mtu hafiki hatua ishirini kabla hajapokewa. Wenzangu watatu walipokewa tena na tena, na watu wa vyama vyote viwili. Mimi nilipita minazi, nikapita bonde la mpunga, nikapita kisima. Kila aliyenikaribia alikwenda kumpokea mwengine.

Sasa bega limevimba. Mke wangu ameniuliza nimeanguka wapi. Nimemjibu kwamba watu wa Pujini wamekwishapatana.