Mazoezi Bila Filimbi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa binti yangu,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, mkwe wangu na yule mjukuu anayenijua kwa picha. Je, kikohozi chake kimekwisha? Mara ya mwisho tulipozungumza nilimsikia akikohoa nyuma yako, nikataka kuuliza, ukawa umeshaaga. Mimi sijambo. Presha imetulia, meno yaliyobaki yanatafuna, na kiuno kinanikumbusha umri kila nikiinama kufunga kamba za viatu.

Nyumba iko kimya. Nakuambia wazi kwa sababu kwenye simu mimi husema niko salama na wewe husema haya baba. Tangu mama yako atutoke, mwaka na miezi miwili sasa, nawasha redio asubuhi ili kuwe na mtu anayeongea. Bado napika chakula cha watu wawili, cha mmoja sijui kukipima. Simu yako ya Jumamosi naisubiri tangu Ijumaa, nayo inazidi kuwa fupi. Ya jana ilikuwa: hujambo baba, umekula, dawa unameza, haya. Naogopa, mwanangu, kwamba siku moja itabaki hiyo "haya" peke yake, halafu nayo iishe.

Ndiyo maana nakuandikia. Nina jambo ambalo nikilisema kwa simu nitaligeuza mzaha, unanijua.

Nimeanza yoga.

Cheka kwanza, nitakusubiri. Mimi, mwalimu wa michezo wa miaka thelathini na mmoja, niliyeitwa Mzee Moja-Mbili na wanafunzi waliodhani sisikii, sasa kila Jumanne na Alhamisi jioni nabeba mkeka kwapani na kupanda ngazi za ukumbi ulio juu ya duka la rangi. Daktari alisema kiuno kinahitaji kunyooshwa. Lakini alitaja pia kuogelea. Nilichagua yoga kwa sababu ndiyo kazi yako, na nilitaka kujua unawafundisha nini watu huko siku nzima.

Mwalimu wetu ni mama mpole, mchana ni nesi wa macho. Siku ya kwanza nilikwenda na bukta, raba, na filimbi shingoni kwa mazoea. Raba aliniomba nizivue. Filimbi hakuisema, nikaitia mfukoni mwenyewe. Tukainama, tukajinyoosha, tukasimama kwa mguu mmoja, mimi nikihesabu kwa sauti bila kujijua, moja, mbili, tatu, nne, hadi seremala wa mkeka wa jirani akaanza kunifuatisha. Mwishoni tukaambiwa tulale chali, mikono pembeni, macho tufumbe, tusifanye lolote. Dakika ikapita. Ya pili nayo ikapita. Nikaona hawa watu wanategea. Ualimu hauishi mwilini, nikajikuta nimeketi, nimepiga makofi mawili na kusema, "Haya, amkeni, kundi la pili!" Mama mmoja akasimama wima. Seremala, ambaye alishaanza kukoroma, akaniomba radhi.

Nesi hakukasirika. "Mzee wangu," aliniambia, "hiki ndicho kipindi chenyewe. Hayo mengine yote yalikuwa njia tu ya kufika hapa."

Nimelifikiria sana neno hilo. Mazoezi yangu mimi siku zote yalikuwa na kitu mbele: mita mia, pushapu ishirini, saa mkononi, huyu ampite yule. Mwili unaburuzwa, pumzi inafuata nyuma ikihema. Kwenye yoga pumzi ndiyo inayotangulia. Ukivuta, mkono unapanda, ukitoa, unashuka, na ikianza kukatika, basi umejizidi, punguza. Hakuna anayeshinda. Seremala hafiki hata kwenye magoti yake akiinama, na hakuna anayemcheka. Usidhani misuli inapumzika. Kusimama tu bila kutikisika kulinitoa jasho ambalo mbio hazijanitoa miaka mingi, ila hilo jasho hakuna anayelisifu wala kulipima. Nilikuwa nikisema haya ni mazoezi ya wavivu. Mvivu asingeyaweza.

Kuna maneno huyu nesi huyarudia kila kipindi: ukisikia maumivu, rudi nyuma kidogo. Huyasema kikawaida tu, huku akifungua dirisha. Mara ya kwanza nilibaki juu ya mkeka nikipekua ile miaka thelathini na mmoja, nikitafuta mtoto hata mmoja niliyewahi kumwambia hivyo. Sikumpata. Wewe nilikuambia kaza. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulinijia kabla ya mbio za mita mia nane ukasema goti linauma, nami nikakujibu kwamba goti halina mdomo. Wenzako wakacheka. Ukakimbia, ukaanguka mzunguko wa pili, na mama yako ndiye aliyeingia uwanjani kukuinua, kwa sababu mimi nilikuwa natazama saa.

Halafu yoga ilipokurudishia goti lako, nikawaambia wageni mezani kwamba binti yangu amepata kazi ya kulala. Ulikusanya vyombo ukaingia jikoni. Sikukufuata. Nilikosea mara zote mbili, mwanangu, na mara zote mbili nilijua, nikanyamaza. Nisamehe.

Kitu kimoja bado kinanishinda, nacho ni ule mlalo wa mwisho. Nikifumba macho bila kuhesabu naisikia nyumba ilivyo tupu, nasikia mama yako hayumo. Mara tatu nilitoka kwa kisingizio cha msalani. Alhamisi hii nilibaki. Nililia, na machozi yakaniingia masikioni, ndiyo taabu ya kulia ukiwa chali. Hakuna aliyeniuliza kitu. Tulikuwa watu kumi na mmoja mle ndani, tunapumua tu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sikujiona niko peke yangu.

Shangazi yako anakusalimu na kulalamika kwamba humkumbuki. Jirani yetu fundi redio naye anakusalimu, na anauliza lini utakuja. Nisalimie sana mkwe wangu, na mjukuu mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Mungu awatunze, awape afya na riziki, na awafungulie mema huko mliko.

Jumamosi ukipiga, usihangaike kutafuta la kuniambia. Najua maneno yakikuishia ndipo unapoaga. Safari hii usikate. Tukae tu, wewe huko na mimi huku, nikusikie ukipumua.

Ni mimi, nikupendaye,
Baba yako.