Usingizi wa Wifi Zuhura

Jumamosi. Jua kali, upepo umegoma, na mimi nina wivu.

Naandika wazi maana hapa mtandaoni hanijui mtu. Wifi yangu Zuhura amerudi Mji wa Kale kujifungulia kwa mamake, mavyaa wangu ninayeishi naye, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza, na tangu aje sote twatembea kwa kunyata. Akilala mchana, mavyaa hutunong'oneza, "Mwacheni apumzike, ana roho mbili huyo."

Nilipokuwa nikilala mimi, niliitwa mvivu.

Si mwanzoni. Niliposinzia dukani Biashara Street nikakata kitambaa cha mteja kombo, mavyaa alifurahi, akaniletea ukwaju na maembe mabichi. Kwake, mke anayesinzia ana mimba. Kisha siku zangu zikaja. "Kumbe usingizi wa bure," akasema. Ukwaju ule sijausahau.

Mume wangu ndiye aliyenirekodi kwa simu nikiwa nimelala. Sikoromi. Pumzi huwa nyembamba, huvutwa kwa shida, kisha nashtuka kidogo kama aliyeunguzwa na uji, na asubuhi sikumbuki kitu. Daktari wa Ganjoni alisema koo langu hubana nikilala, na usingizi hukatika usiku kucha bila mimi kujua. Akanipa kifaa cha kuvaa mdomoni, kinasogeza taya mbele. Sasa naamka mtu. Aliniuliza pia kama ni mjamzito, maana kwa mjamzito hali hii yaweza kwenda na presha, ikamdhuru yeye na mtoto. Nikasema hapana.

Leo nimetumwa nimpelekee Zuhura dafu. Nimemkuta amelala chali, mdomo wazi, mzuri hata usingizini. Nikasimama kumwonea wivu kwa nafasi.

Ndipo nikaisikia. Pumzi nyembamba, kisha ule mshtuko.

Na kila asubuhi hulalamika kuumwa kichwa, mavyaa humwambia ni mimba tu.

Niliweka dafu nikatoka kimya. Hata ugonjwa wangu ameupata yeye! Tena nikisema, nitaitwa hasidi: mke asiye na mtoto amtabiria mabaya mwenye mimba. Nao hawatakuwa wamenisingizia sana.

Nikakaa ngazini. Halafu nikarudi na simu, nikamrekodi kabla hajaamka.

Wivu haujaniisha, ungalipo hapa kifuani. Lakini kesho baada ya chai wataisikia rekodi hiyo, yeye na mamake, kisha twende kwa daktari. Waniite watakavyo. Mtoto huyo ataniita mkaza mjomba, nami nataka awepo wa kuniita.