Mvule wa Buwenge, Jua Likiwa Mbele

Jumatatu, 3 Februari
Picha za pasipoti tangu asubuhi. Mtoto mmoja alikataa katakata kufumba mdomo. Kisha simu ya Baba kutoka Mbale. Mvule wa Buwenge umeuzwa, wapasua mbao wanakuja Ijumaa. Anataka picha ya mti huo, kubwa, aione kabla presha ya macho haijamaliza kazi. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linaona kama kupitia pazia.

Chini ya mti ule ndipo alipokuwa akimngoja Mama, enzi za uchumba wao. Mama ana miaka minne kaburini. Nitakwenda.

Jumanne, 4 Februari
Wateja hapa Jinja wamenichelewesha. Nimefika Buwenge saa sita, jua la utosini. Mti umetoka bapa, majani yamefifia, kivuli chote kimejikusanya shinani. Picha arobaini, hakuna hata moja yenye uhai. Nimejikasirikia. Mwenye shamba alinicheka: "Wewe napiga picha ya muti? Kama nataka mbao, rudi Ijumaa."

Jumatano, 5 Februari
Nimerudi saa kumi na moja jioni. Jua mgongoni, kama Baba alivyonifundisha. Kanuni yake ni hiyo tu, na ilizaliwa na aibu. Picha yake ya kwanza ya Mama, chini ya mvule huohuo, aliipiga akilielekea jua. Mama akatoka mweusi tii, hana macho wala pua. Mama alimtania Baba mpaka uzeeni kwamba alimwoa bila kujua sura yake. Baba aliichana picha ile.

Leo gome lilikuwa rangi ya asali, kila jani linahesabika. Sijawahi kupiga picha nzuri hivi. Nimeisafisha kubwa jioni hiihii. Najisikia fahari, acha niseme.

Alhamisi, 6 Februari
Namakwekwe, mtaa wa Mbale, chumbani kwa Baba. Aliisogeza picha karibu na uso. Akaenda nayo mlangoni. Akaigeuza.

"Zaituni, juu yake ni wapi?"

Kwangu asali, kwake matope. Halafu akasema ni nzuri, nzuri sana. Alinidanganya kwa upole. Nikaenda uani kulia.

Niliporudi, jirani alisimama mlangoni, mwanga wote wa nje nyuma yake. Kabla hajafungua mdomo, Baba alimwambia atue beseni kichwani, aingie. Beseni aliliona! Sura hakuiona, lakini umbo aliliona lote.

Nimepanda basi la alasiri kurudi Jinja.

Ijumaa, 7 Februari
Buwenge, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baridi. Wapasua mbao walikuwa wameshafika, wananoa. Niliwasihi wangoje jua litoke. Mkubwa wao akasema, "Dada, ngoja tunakunywa chai. Ikiisha, sisi naanza."

Nikasimama magharibi ya mti, jua likachomoza nyuma yake. Kosa hili Baba amenikataza tangu nina miaka tisa. Mti mweusi, mbingu nyeupe, kila tawi limejichora peke yake. Nikapiga moja. Mbili. Tatu. Vikombe vikawekwa chini, msumeno ukawashwa.

Sikungoja uanguke. Nisingeweza.

Jumapili, 9 Februari
Namakwekwe. Baba aliketi mlangoni na picha mapajani. Safari hii hakuigeuza. Kidole kilipanda shina polepole, kikafuata tawi la kulia hadi ncha, kikarudi. Hakuuliza jua lilikuwa upande gani. Anajua vizuri.

Kidole kikashuka chini, kando ya shina, mahali pasipo na kitu.

"Alisimama hapa," alisema.

Nikamwekea chai karibu na mkono. Hakukiondoa kidole mpaka chai ikapoa.