Daftari la Nyumba Thelathini na Nane

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Madaftari hamsini na mawili ya hesabu, yote ya kusahihisha. Chai imepoa mara ya pili. Mkuu wa shule kanikumbusha tena ile historia ya mtaa. Anaitaka mwisho wa Novemba, nisome mbele ya wazazi. Anasema kazi ni ndogo: unauliza wazee, unaandika. Aje aulize yeye. Tangu Agosti nimeingia nyumba thelathini na moja na sijapata wazee wawili wanaokubaliana hata kisima cha zamani kilikuwa wapi.

Jumatano, 6 Oktoba

Kwa Mzee Ramadhani, muuza vitambaa. Saa mbili nzima juu ya kigoda. Babu yake alitoka Tabora na Wajerumani, akajenga nyumba ya kwanza mtaani. Alikuwa askari. Kisha mpishi wa askari. Nilipoanza kuandika mpishi, akawa mfanyabiashara mwenye punda sita. Nikauliza, mwaka gani? Akafoka: "Mwalimu Zaituni, weye ulikuwepo?"

Sikuwepo. Na yeye hakuwepo.

Ijumaa, 8 Oktoba

Bi Mwajuma wa mandazi amesikia. Bila shaka amesikia. Alinidaka njiani. Nyumba ya kwanza ilijengwa na babu yake yeye, mtu wa Bagamoyo, na huyo babu wa Ramadhani alilala barazani pake miezi mitatu "kama mbuzi wa watu". Niandike hivyo hivyo, neno la mbuzi nisiliache.

Kufika jioni Ramadhani ana habari. Sasa hawasalimiani. Mimi wananisalimia kupita kiasi, kila mmoja akichungulia kama nina kalamu. Nimechoka na mababu.

Alhamisi, 14 Oktoba

Leo afadhali. Mama wa jirani yangu Hadija, binti mshonaji tunayepakana ukuta, amenisimulia bila kujisifu. Baba yake alikuwa Mtutsi wa upande wa Butare. Nyumba zilipochomwa kule akakimbilia huku, akasilimu, akapata karatasi mpya ya kitambulisho inayomwita Mhutu. Tangu hapo wote wameandikwa hivyo, mpaka Hadija.

Nimeandika yote. Daftari nimelipiga mistari vizuri: namba ya nyumba, jina, babu alitoka wapi, bibi alitoka wapi. Hadija ni nyumba ya kumi na saba. Nilifurahi, naona haya kusema. Kisa kimoja safi, hakuna punda.

Jumapili, 24 Oktoba

Nyumba zote thelathini na nane zimekwisha. Nilidhani nitapumua. Redio haina jingine ila Burundi: rais wao Mhutu kauawa na askari wa Kitutsi. Vijana wa chama wamepita barabarani wakiimba, wengine na virungu. Wawili niliwafundisha kusoma. Hawakunitazama.

Jumatano, 3 Novemba

Mtu wa ofisi ya serikali kaja darasani. Shati limepigwa pasi, meno yote nje.

"Mwalimu, tumesikia iko daftari. Nyumba zote, nani alitoka wapi. Itatusaidia sana."

Nikauliza, litawasaidia nini?

"Kujua watu wetu tu."

Nikasema liko nyumbani. Akasema Ijumaa atalifuata.

Nani kamwambia? Mkuu! Kajisifu huko kwenye bia kwamba shule yake inaandika historia. Nimemuuliza usoni. Ati: "Si ni jambo jema?" Mtu mzima yule.

Alhamisi, 4 Novemba

Nimelisoma daftari kwa macho ya yule mtu. Mara ya kwanza kulisoma hivyo. Si historia. Ni orodha. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, hata kipofu angeonyeshwa mlango wa kumi na saba. Na walioniambia walinikaribisha chai.

Alasiri nimelichoma kwenye mbabura, jiko langu la makaa. Jalada lilikataa kushika moto, likatoa moshi mpaka macho yakawaka. Miezi mitatu. Nimelia kwa hasira: kwa mkuu, kwa yule mtu, kwangu zaidi.

Nikaenda kwa Hadija, nikamwambia nilichoandika na nilichochoma. Aliendelea kukanyaga cherehani, nguo imekwisha pita, sindano inashona hewa.

Ijumaa, 5 Novemba

Kaja. Nikasema limeharibika, lilianguka motoni. Hakuamini hata kidogo. Kaketi kibarazani kwangu, katoa karatasi yake, kaagiza waitwe wazee wawili. Wakaletwa hao hao, Ramadhani na Bi Mwajuma. Sikuwa nimewaambia neno.

Akaanza na jirani. "Huyu Hadija, babu yake iko wa wapi?"

Bi Mwajuma alinitazama mara moja. Kisha: "Baba, huwezi kufika kwa Hadija kabla hujajua nani alijenga wa kwanza."

"Mimi," akasema Ramadhani. "Babu yangu, yaani."

"Babu yako alilala kwetu!"

Basi. Tabora, Bagamoyo, Wajerumani, mbuzi. Punda leo walikuwa tisa. Kila yule mtu alipotaja nyumba, wao waliirudisha kwenye kiwanja, na kiwanja kwenye kisima. Waligombana kwa dhati, walirushiana mate. Yeye aliandika, akafuta, akaandika. Baada ya adhuhuri akakunja karatasi na kusema wazee wa huku wamerukwa na akili. Atarudi siku nyingine.

Alipopotea kwenye kona wakaacha ugomvi wote wawili. Ramadhani akajipangusa mdomo.

"Baba yake mama Hadija, sisi ndio tulimsilimisha. Unadhani hatujui?"

Na Bi Mwajuma, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake: "Na weye, nani alikutuma kuandika hiyo?"

Nikainuka nikawatilia chai.

Jumamosi, 27 Novemba

Siku ya wazazi. Nimesoma kurasa mbili. Jinsi Wabelgiji walivyodai kibali mtu akitaka kutoka mtaani. Vitambaa vilivyouzwa. Jina la mtu hakuna hata moja. Mkuu alitarajia kitabu. Uso wake ulikuwa mrefu. Wazazi walipiga makofi kidogo, wakaenda kwenye fanta.

Yule mtu hajarudi.

Nimetoka na mama yake Hadija, mwavuli mmoja. Ya daftari bintiye alishamwambia. Anatembea polepole, goti linamsumbua. Tukasimama kununua mihogo, akachagua yeye, ananiambia mimi sijui kuchagua. Mvua ilikuwa nyepesi. Kufika mlangoni kwake akanishukuru kwa mwavuli, akaingia.