Jino la Kauri la Kaka Ndelilio

Rau, Moshi
12 Agosti 2004

Kaka yangu Ndelilio,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar, na fizi imeanza kupona. Huku hatujambo. Mama analalamika goti, ila kahawa anachuma mwenyewe, na ng'ombe wetu amezaa jike.

Barua yako nimeipata. Pole kwa jino lako la kauri la mbele kudondokea ndani ya kata ya pombe ya mbege ukweni, na kwa baba yake mchumba wako Violet, aliyepokea kata baada yako, kulitemea kiganjani mbele ya ukoo mzima. Nilipomsomea Mama alilia. Mimi nilitoka nje nikacheka hadi nikakaa chini.

Mwajiri wangu, Daktari Filbert aliyekupandikiza jino hilo, anasema huenda mfupa wa taya lako ni dhaifu. Usimsadiki. Mizizi ya meno ya kauri naitengeneza mimi. Mzizi, ule msumari wa chuma unaoingia mfupani, huanza ukiwa laini. Naupaka uji wa unga wa kauri, nauchoma kwenye tanuru, unatoka unakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mfupa hushika hapo. Ukiwa laini unakaa miezi michache tu, kisha unachomoka.

Unakumbuka siku Antoni alipokuja kuniposa? Wageni wameketi, ukasema meno yangu, yaliyogeuzwa kahawia na maji ya madini ya Kahe nilipolelewa na shangazi, ni buni zilizoungua, na anayenioa atabusu kahawa kila asubuhi. Walicheka wote. Antoni naye alicheka, na hakurudi tena. Ukaniambia nisinune, ni utani tu. Leo nina miaka thelathini na minne, bado nakaa kwa Mama.

Basi ukweli ni huu, kaka. Mzizi wako niliupaka vizuri, nikauchoma, kisha nikausugua kwa msasa mpaka ukateleza. Nilijua nafanya nini. Nilifurahi hadi nikaona aibu, halafu aibu ikapita.

Umeomba nikuwahishie mzizi mwingine, maana kina Violet wamekupa nafasi ya mwisho ya kurudi kwao mwezi wa Desemba. Uko tayari, umefungwa kwenye pakiti yenye jina lako. Barua hii mwoneshe Daktari ukitaka. Atanifukuza, na hapa Moshi hajui mwingine wa kuipaka mizizi. Kama huu nao nimeusugua, sikwambii.

Mama anakuombea kila Jumapili. Nisalimie Violet. Desemba kata ikikufikia, kunywa taratibu.

Mdogo wako,
Elifuraha